Jibu: Usilipie masta ya Mitaala kama lengo ni kufundisha kozi za krediti za chuo

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema wiki ijayo unalipia masta ya mtandaoni ya Mitaala na Ufundishaji ili uruhusiwe kufundisha hisabati za krediti za chuo, yaani kozi anazosoma mtoto wa haiskuli zikahesabiwa chuoni, kwenye haiskuli yako hapo Ohio. Usilipe. Hayo mengine uliyouliza, punguzo la ada, AP (kozi za ngazi ya chuo zenye mtihani wa taifa zima) na digrii yako ya nyumbani, uliyoipata nje ya Marekani, tutayafikia.

Hiyo masta mimi ninayo. Imetundikwa sebuleni, fremu nzuri kabisa, na mke wangu huwaambia wageni, "Ile pale ndiyo gari letu," maana hela yake ingetosha gari. Wote hucheka. Mimi hucheka kidogo kuliko wao.

Ilianza na makamu mkuu wa shule. Chuo tulichokuwa na mkataba nacho chini ya College Credit Plus, mpango wa Ohio wa wanafunzi wa haiskuli kusoma kozi za chuo, kilitaka mwalimu wa takwimu, na sharti lilikuwa masta. Akaniambia masta yoyote ya ualimu inatosha. Yoyote! Mtu mwenyewe hajawahi kupeleka karatasi hata moja kwenye idara ya hisabati ya chuo. Sikuishia kwake, nikampigia mshauri wa udahili wa chuo cha mtandaoni, nikamuuliza kwa maneno mepesi: nikimaliza hii nitaruhusiwa kufundisha kozi za krediti za chuo? Akajibu bila hata kumeza mate kwamba walimu wao wengi wanafanya hivyo. Kaka, yule hakuwa mshauri, alikuwa dalali. Tena dalali wa Kariakoo afadhali, anakuacha ukijaribishe kiatu kwanza.

Nikasoma usiku, wikiendi, sikukuu. Nikamaliza, nikapeleka transkripti, yaani rekodi rasmi ya kozi na gredi, chuoni kwa kujiamini kama bwana harusi. Majibu: krediti za uzamili kwenye somo la hisabati, sifuri. Nilikuwa na kozi iitwayo Takwimu za Utafiti wa Elimu, nikasema hii lazima itahesabika, si takwimu hizi? Wakaikataa. Ina herufi EDU mbele ya namba ya kozi, kwa hiyo kwao ni elimu. Ile ya mbinu za kufundisha aljebra nayo ikaenda na maji.

Hiki ndicho ambacho hakuna aliyenieleza. Mwanafunzi anakaa darasani kwako haiskuli, lakini kozi ni ya chuo na gredi inaingia kwenye transkripti ya chuo. Kwa hiyo wewe unapimwa kama mhadhiri wao. Leseni yako ya jimbo inakuruhusu kufundisha haiskuli tu, na mkuu wa shule hata akupende vipi hana sauti kwenye hili. Vyuo vya Ohio vinapata ithibati kwa Higher Learning Commission, chombo kinachothibitisha ubora wa vyuo, na mwaka 2015 hao walilisema wazi: uwe na masta ya somo lenyewe, au masta ya kitu kingine pamoja na krediti 18 za ngazi ya uzamili kwenye somo hilo. Walimu waliokuwa tayari darasani waliongezewa muda. Mwaka 2023 miongozo ikalegezwa, vyuo vikapewa nafasi zaidi ya kujipangia vigezo. Sasa atakuja mtu hapa kukwambia "siku hizi 18 zimefutwa". Muulize idara anayotaka kuifundishia imeandika nini, maana vyuo vingi bado vimeshikilia 18 zao.

Krediti 18 kwa kawaida ni kozi sita za krediti tatu tatu. Hesabu tupu: aljebra ya mstari, nadharia ya namba, takwimu za nadharia. Mimi nilizisoma juu ya masta niliyokwisha kuilipia, huku deni la kwanza bado linanitazama. Ungezisoma ndani ya masta ya hisabati ungepata vyote kwa ada moja. Na ziwe za uzamili kweli, mara nyingi kozi zenye namba 500 kwenda juu. Kalkulasi uliyosoma digrii ya kwanza, hata kama ulipata A ya kutisha, hawaihesabu humo.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kutoa senti. Tafuta ni chuo gani hasa kina mkataba na shule yako. Mwandikie mkuu wa idara ya hisabati, mwambatanishie transkripti zako na maelezo ya kila kozi unayokusudia kusoma, taja na kozi unayotaka kufundisha, maana unaweza kupitishwa kwa takwimu ukanyimwa kalkulasi. Subiri majibu kwa maandishi. Akikupigia simu, mwombe aandike. Akikuambia mdomoni kwamba haina shida, hiyo ndiyo shida yenyewe. Na shule ikiwa na vyuo viwili, andikia vyote viwili, kwani kimoja kikikupitisha kingine kinaweza kukukataa.

Digrii ya nyumbani ifanyiwe tathmini ya kozi kwa kozi, ile ya jumla haitasaidia idara kuona chochote. AP haihitaji masta: silabasi yako inapitiwa na College Board, shirika linaloendesha AP, mtoto anafanya mtihani Mei, anapata alama 1 hadi 5, chuo atakachokwenda kinaamua kama kitampa krediti.

Halafu hilo punguzo la ada wanalosema linaisha Ijumaa, nami niliambiwa linaisha Ijumaa. Nilipohitimu lilikuwa bado linaisha Ijumaa. Weka hapa orodha ya kozi za hiyo programu, na herufi zilizo mbele ya kila moja. Nikiona EDU zimejipanga kuanzia juu mpaka chini nitakupigia simu mwenyewe.