Tovuti ya maelfu ya kurasa: chora vitu kwanza, kurasa zitafuata

Mkuu, umeuliza tovuti yenu iliyofika kurasa 4,000 muanze wapi kuisuka upya, na umesema timu imeshaagiza sura mpya ya ukurasa wa mbele. Ningekuwa mimi, ningeisimamisha kazi hiyo ya sura leo hii. Nimeshasuka upya tovuti kubwa tatu, na ya kwanza niliianza kama mnavyotaka kuanza nyinyi, kwa rangi na menyu. Miezi minane baadaye ukurasa wa mbele ulikuwa unapendeza, na nyuma yake fujo ni ile ile.

Ilikuwa tovuti ya taasisi ya mafunzo. Mkufunzi mmoja alibadilisha namba ya simu, na namba yake ilikuwa imeandikwa kwa mkono kwenye kurasa 14. Tukarekebisha 11. Habari za zile tatu zilizobaki tulizipata kwa wanafunzi waliokuwa wakipiga simu isiyopokelewa. Siku hiyo nilielewa kwamba sina tatizo la kurasa. Nina mtu mmoja aliyenakiliwa mara 14, na hakuna mahali popote kwenye mfumo panaposema kwamba huyo ni mtu mmoja.

Nilipoanza kusoma nikakuta watu wamelifanyia kazi jambo hili zamani. Peter Chen alitoa modeli ya vitu na mahusiano mwaka 1976 kwa ajili ya hifadhidata, na mwaka 1993 Garzotto, Paolini na Schwabe wakachapisha HDM, modeli ya kusanifu matini yenye viungo. Zilizofuata, RMM, OOHDM, WebML na nyinginezo, zinatofautiana kwa alama za michoro na idadi ya hatua, lakini zote zinatenganisha maswali matatu: kuna nini ndani, msomaji anapitaje, na anakiona kwa sura gani. Sura inakuja mwisho. Hilo tu, mkilishika, litawaokolea miezi.

Sasa swali la kwanza, kuna nini ndani, ndilo nitakalokaa nalo, maana kazi kubwa iko hapo.

Tulijifungia chumbani watu sita: usajili, wakufunzi, mawasiliano na sisi mafundi. Kila kitu ambacho tovuti inakizungumzia tulikiandika kwenye kadi na kuibandika ukutani: Kozi, Mkufunzi, Tawi, Cheti, Habari. Chini ya kila kadi tukaandika sifa zake, kisha mistari ya uhusiano. Mkufunzi anafundisha kozi nyingi, na kozi ina wakufunzi wengi. Mambo yalienda vizuri mpaka nilipouliza, "Kozi inaanza lini?" Mtu wa usajili akataja tarehe. Mkufunzi akashangaa: kozi haianzi, kozi ipo tu, ina mada na saa zake. Wakabishana karibu saa nzima, na wote wawili walikuwa sahihi. Neno moja lilikuwa limebeba vitu viwili. Tukaichana kadi ile tukapata mbili: Kozi, yenye jina, maelezo na masharti ya kujiunga, na Awamu, yenye tarehe, tawi, ada na nafasi zilizobaki. Kozi moja ina awamu nyingi.

Kadi hiyo moja ilieleza uchafu wa miaka yote. Kwa kuwa mfumo haukujua awamu ni kitu gani, kila kozi iliporudiwa mtu alinakili ukurasa wa zamani na kubadilisha tarehe. Kozi moja tuliikuta na kurasa tisa. Mtambo wa kutafuta ulikuwa unaleta ule wa kale zaidi, na watu walikuwa wanajaza fomu ya awamu iliyokwisha. Hakuna rangi wala menyu ambayo ingeponya hilo. Kwa hiyo mkikaa mezani, msikilize sana maneno ambayo idara mbili zinayatumia kwa maana tofauti. Mkiyapita haraka ili kikao kiishe, mtayalipia baadaye kwenye msimbo wa programu, kwa bei kubwa zaidi.

Baada ya hapo njia za kupita zinakuwa nyepesi kuliko mnavyodhani, kwa sababu zinatoka kwenye ile mistari ya ukutani. Si kila uhusiano unastahili kiungo. Kutoka Kozi kwenda Awamu zake, lazima. Kutoka Cheti kwenda kwa Mkufunzi, hakuna aliyewahi kuihitaji njia hiyo. RMM, iliyochapishwa mwaka 1995, ina wazo ambalo nalitumia hadi leo: kitu hukatwa vipande, kila kipande kwa matumizi yake. Mkufunzi kwenye ukurasa wa kozi ni picha na jina. Kwenye ukurasa wake mwenyewe ni wasifu mzima. Data ni ile ile moja, na simu ikibadilika inabadilishwa mahali pamoja. WebML, iliyotoka Milano mwaka 2000, ikanipa lingine: juu ya data moja unaweza kujenga mitazamo kadhaa ya tovuti, mmoja wa mwanafunzi, mwingine wa msajili, kila mmoja na njia zake. Sisi tulikuwa tumewabana wote kwenye menyu moja yenye vipengele 40.

Mkifika kwenye sura, msikubali michoro iliyojazwa maneno ya bandia. Chukueni kozi yenye jina refu kuliko zote, mkufunzi asiye na picha na awamu ambayo tawi lake bado halijapangwa, mviweke kwenye kiolezo. Kikivumilia hivyo vitatu, nyingine zitakaa.

Ila mbinu hizi msizifuate kama sheria zote. Kwenye tovuti ya pili nilijaribu kuchora kila skrini na kila kiungo kwa alama rasmi kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu. Wiki saba zilipita. Wateja hawakuweza kuisoma michoro ile, na tulipoanza kujenga ikapitwa na wakati ndani ya siku chache. Siku hizi modeli ya data naichora yote na kuitunza, njia kuu tano au sita nazichora kwa makini, zilizobaki zinaamuliwa wakati wa kujenga. Makala na habari nazo usizilazimishe ziwe majedwali. Zipe kichwa, tarehe, mada na viungo vya kwenda kwenye vitu vinavyotajwa, mwili wake uuache huru.

Jambo ambalo vitabu vya usanifu hulipita upesi ni anwani za zamani. Kabla ya kuhama, kila anwani ya sasa iingie kwenye jedwali pamoja na ile itakayoirithi, na seva itoe jibu la 301, yaani ukurasa umehamia moja kwa moja kwenye anwani mpya. Iliyofutwa bila mrithi ipewe 410, yaani ukurasa umeondolewa na haurudi. Zile kurasa tisa za kozi moja zote tulizielekeza kwenye ukurasa mmoja wa Kozi, na malalamiko ya fomu za awamu zilizokwisha yakakoma.

Kwa kurasa 4,000 sidhani kama mtapata aina za vitu zaidi ya 15 au 20. Anza kwa kuokota kurasa 50 bila kuchagua, na kwa kila moja uandike inahusu kitu gani. Kisha leta orodha hiyo hapa, pamoja na maneno mnayobishania, tuyaangalie pamoja.