Paka anayelia njia nzima Mtwara hadi Dar

Dada, kwa huyo paka wako anayelia na kutapika kila akipanda gari, anza mapema na tenga la kumbebea. Liache wazi sebuleni wiki nzima, tandika kanga uliyoivaa bila kuifua, mlishie humohumo mpaka alizoee. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo asile kwa muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kuondoka; maji mpe. Tenga lifungwe vizuri kiti cha nyuma, lifunikwe kitambaa chepesi, upande mmoja ubaki wazi apate hewa. Mkisimama Nangurukuru kula, usimtoe, akichomoka humpati tena. Wala asiachwe garini juani, jua letu la kusini unalijua. Akihema mdomo wazi, simameni kivulini mumpoze.

Ila nakusihi sana: usimpe panadol wala dawa ya usingizi ya watu. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja. Dawa ya kumtuliza ipo, lakini aipange daktari wa mifugo kwa uzito wake, na uijaribu nyumbani siku kadhaa kabla ya safari.