Maswali yenu: wimbo wa mwaka Marekani unapatikanaje

Leo nachukua ya chati ya Billboard peke yake, lile jarida la Marekani linalopanga nyimbo kwa namba, maana kila orodha ya mwaka ikitoka meseji zinamiminika na nusu yake ni swali lile lile.

2024 Shaboozey alikaa namba moja wiki 19 na "A Bar Song", mbona wimbo wa mwaka wakampa Teddy Swims aliyekaa kileleni wiki moja tu? (Mwanza)

Hakupewa na mtu. Orodha ya mwaka inajumlisha alichovuna wimbo wiki zote, strimu, redio na mauzo, haiangalii nani alikaa juu. "Lose Control" ulikuwa ndani ya chati toka 2023 na ukagoma kutoka, wakati Shaboozey ametoa wake Aprili, na mwaka wa chati haufuati kalenda, ule ulifungwa Oktoba, kwahiyo jamaa kavuna nusu mwaka na bado kashika namba mbili, mimi hapo namvulia kofia. Tena kuna nyimbo za mwaka ambazo hazijawahi kushika namba moja hata wiki moja: "Wooly Bully" 1965, "Breathe" ya Faith Hill 2000, "Hanging by a Moment" 2001, "Levitating" ya Dua Lipa 2021. Wimbo unaodumu ndio unaobeba mwaka, sio ule wa kelele za wiki ya kwanza.

Si "Not Like Us" ya Kendrick Lamar ndio wimbo wa mwaka jamani? (Arusha)

Hiyo ni tuzo ya Grammy ya 2025. Grammy ni kura za wanachama wa Recording Academy, Billboard ni hesabu. Nimeshalijibu hili mpaka basi, tafadhali msilichanganye tena.

Namba moja ya 1969? (Tanga)

"Sugar, Sugar" ya The Archies, bendi ya katuni.

Shikamoo anko, tukijipanga huku Dar tukaangalia video YouTube usiku na mchana msanii wetu ataingia Hot 100?

Marahaba mwanangu. Hapana. Hot 100, chati kuu ya Billboard ya kila wiki, inahesabu Marekani tu, bando lako la Temeke haliingii humo. Lilikuwa linaingia kwenye Global 200, chati yao ya dunia iliyoanza Septemba 2020, mpaka Januari 2026 YouTube ilipoacha kuwapa Billboard takwimu zake. Rema na Selena Gomez walifika namba tatu na "Calm Down" 2023 kwasababu Wamarekani wenyewe waliupokea na redio zao zikaupiga sana. Na nyie mameneja, acheni kuwapa hela watu wanaouza watazamaji, hiyo hela lipeni prodyuza na mtunzi, wengi bado wanadai.

"Don't Speak" ya No Doubt ilishika namba ngapi kwenye Hot 100? Natafuta siioni. (Nairobi)

Huioni kwasababu haikuingia, na hapa ndio naombeni muwe makini na orodha za miaka ya 90. Mpaka Desemba 1998 wimbo ambao haujauzwa dukani kama singo haukuruhusiwa kwenye Hot 100, na makampuni yalikuwa yanazificha singo makusudi ili mtu akitaka wimbo mmoja alazimike kununua albamu nzima. "Don't Speak" ikakaa wiki 16 juu ya chati ya redio na Hot 100 haipo kabisa! "Torn" ya Natalie Imbruglia ilisumbua redio 1998, sheria inakuja kubadilika yenyewe ishashuka, ikaambulia namba 42. Kwahiyo ukitumia orodha hizo kumwambia mtu nini kilipendwa 1997 unampotosha, chukua na chati ya redio uziweke pamoja.

"Macarena" ni ya Wamarekani? (Mombasa)

Los del Río ni Wahispania. Kilichobeba mwaka 1996 ni remiksi ya Bayside Boys wa Miami, wiki 14 namba moja. MaDJ wa harusi, mkiitafuta chukueni yenye mwanamke anayeimba Kiingereza, ile ya awali ni Kihispania mwanzo mwisho na midundo yake ni mingine.