Fundi Anajibu: Vitundu vinne ndani ya kamera

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tandahimba, baba mdogo ana stoo ya korosho tukafunga kamera mbili za waifai, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu moja ikafa. Nimeifungua, kwenye bodi kuna vitundu vinne vimejipanga mstari, havina waya. Jamaa mmoja kaniambia humo ndo wadukuzi wanapoingilia. Ni kweli? Na vinaweza kunisaidia kuifufua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, jaribu adapta nyingine ya chaji yenye volti ileile, maana umeme ukirudi vibaya mara nyingi adapta ndo inatangulia kufa na kamera yenyewe mzima.

Kama bado, rudi kwenye vitundu. Mara nyingi hivyo ni vya UART, njia ya mafundi wa kiwandani kuongea na kamera wakati wanaitengeneza. Mdukuzi aliyeko mbali hawezi kuvigusa, labda aje na bisibisi hapo stoo. Chukua mita ya kupimia umeme, kamera ikiwa haina umeme kabisa weka kwenye mlio, ncha moja iguse ganda la chuma la soketi ya chaji, nyingine ipitishe kitundu kimoja kimoja, kinacholia ndo GND, yaani hasi. Alafu washa kamera upime volti za DC, kile ambacho namba zinacheza cheza sekunde za mwanzo ndo TX, kinachotoa maandishi. Kwa kuanzia unahitaji hivyo viwili tu: GND kwa GND, TX ya kamera kwenye RX, yaani ya kupokea, ya adapta ya USB-TTL, kile kifaa kidogo cha kuunganisha bodi na laptopu. VCC, kitundu cha umeme, usiiguse. Na tafadhali sana hiyo adapta ya USB-TTL iwe kwenye volti 3.3, ukiiacha kwenye 5 unaweza kuunguza chipu ukamaliza kabisa kitu ambacho kilikuwa kinapona.

Fungua PuTTY, programu ya kusoma maandishi hayo, kwenye laptopu, spidi 115200, ikileta takataka jaribu 57600 au 38400. Ukiona maandishi yanashuka basi ubongo wake uko hai, na mara nyingi yanapokwama panakuonyesha tatizo liko wapi. Ikinyamaza kimya rudi upande wa umeme wa bodi.

Sasa mimi roho yangu iko kwa ile kamera ya pili ambayo haijafa. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka makamera na maruta mengi sana duniani na hakikuvunja chochote, kilikuwa na orodha ya paswedi za kiwandani kama sitini hivi, admin na admin, root na 123456, kinajaribu moja moja kinaingia. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Kirusi kilikaa kwenye memori tu, ukizima kamera kinapotea, ila ukiwasha na paswedi ileile kinarudi baada ya dakika chache. Na zipo kamera ambazo paswedi ya Telnet, njia ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, imegandishwa ndani, unabadilisha kwenye app huku ile nyingine iko palepale. Kwaiyo leo hii, usingoje minada ya korosho ianze, badilisha paswedi ya kamera na ya ruta, zima UPnP kwenye ruta, ile inayoruhusu vifaa kujifungulia mlango wa nje vyenyewe, kamera iweke kwenye waifai ya wageni mbali na simu ya baba mdogo yenye hela zake.

Majaribio haya fanya kwa kamera zenu tu, kuingia ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

SWALI: Fundi habari, niko Lindi mjini. Nimeunga sensa ya HC-SR04, ile ya kupima umbali kwa sauti, na ESP8266, kibodi kidogo cha waifai, ipime maji kwenye simtanki, wiki mbili tu inasoma uongo.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mambo mawili. Pini ya Echo ya sensa, inayotoa majibu, inatoa volti 5 na ESP inataka 3.3, weka rezista ya kilo-om 1 kutoka Echo na ya kilo-om 2 kwenda GND, waya wa ESP uchukue katikati. Pili hiyo sensa haina kinga ya maji na mvuke wa tanki unaila taratibu, chukua JSN-SR04T yenye kinga ya maji, uifunge juu angalau sentimita 25 kutoka maji yanapoishia tanki likijaa, chini ya hapo haioni.