Kabla hujaiuza jezi yako ya Ingwe

Jumapili jioni kijana wa jirani yangu hapa Amalemba, Kakamega, alipiga hodi akiwa na jezi ya AFC Leopards imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa karatasi. "Mzee, nitafutie mtu wa kuinunua hii," akaniambia. "Hata mia tano nitachukua." Nikamuuliza kama ana shida ya pesa. Akasema hapana, amechoka tu. Tangu apate akili hajawahi kuiona Ingwe, yaani Chui, kama tunavyoiita Leopards, ikibeba kombe la ligi, na kila Jumatatu kule stejini wenzake wa boda wanamsubiri na maneno.

Sikumjibu ya maana siku ile. Nilimpa mia sita, jezi ikabaki kwangu, akaenda zake. Usiku ndipo yakanijia yale niliyofaa kumwambia, na kwa kuwa najua waliochoka ni wengi, nayaandika hapa. Timu hii nimeishabikia tangu niko shule ya msingi. Imeniumiza sana, na sehemu kubwa ya maumivu hayo nilijitakia mwenyewe.

Kwanza nimpe kijana haki yake. Ubingwa wetu wa mwisho wa ligi ni wa 1998. Nilikuwa na miaka 12, baba akiwa na redio ya betri aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli ili isifunguke. Miaka minane baadaye, 2006, tukashuka daraja. Timu iliyoanzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya United, timu iliyotwaa kombe la vilabu la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, ikawa inatafutwa kwenye ratiba za ligi ya chini! Tulirudi Ligi Kuu 2009. Tangu hapo tumeshinda GOtv Shield, kombe la mtoano la hapa Kenya, mwaka wa 2013 na tena 2017, lakini ligi imekuwa ya wengine, hadi ile ya msimu wa 2024/25 iliyochukuliwa na Kenya Police, ambao hawakuwa wamewahi kuichukua kabla. Kwa hiyo anayesema amechoka hajakosea. Kumwambia "vumilia tu" ni kumfukuza.

Mtu aliyenisaidia mimi ni shabiki wa Gor Mahia, au K'Ogalo, wapinzani wetu wakubwa. Kaka yake mke wangu anaishi Kondele, Kisumu, na mechi ya Ingwe na K'Ogalo inapoitwa debi ya mashemeji, kwetu sisi jina hilo ni la kweli kabisa, sufuria moja ya ugali inakuwa katikati yetu. Watoto wa siku hizi wanaijua Gor ya vikombe. Mimi naijua Gor iliyochukua ligi 1995 kisha ikakaa bila ligi hadi 2013. Miaka 18! Klabu hiyohiyo iliyowatoa Esperance ya Tunisia 1987 na kuleta nyumbani Kombe la Washindi la Afrika ilikaa miaka 18 ikiwaona wengine wakisherehekea, na sisi tukiwacheka. Mwaka ule wa 2013 walipopata ligi yao, sisi tuliwafunga fainali ya Shield, na bado shemeji alicheka mwaka mzima.

Siku moja nilimuuliza, kwa dhati kabisa, aliishije miaka hiyo yote. Akaniambia, "Shemeji, mimi niliacha kuisubiri ligi. Kila msimu nilikuwa nachagua mchezaji mmoja, kijana, asiyejulikana bado, nikawa namtazama huyo."

Nilidhani ananipoza. Akanieleza. Unapoingia uwanjani na kichwa chako kiko kwenye jedwali, dakika 90 zote ni mateso, kwa sababu jedwali halibadiliki kwa pasi nzuri. Lakini ukiwa unamfuatilia beki mmoja wa kushoto, unaona vitu. Mwezi wa kwanza hajui kurudi nyuma kwa wakati. Mwezi wa tatu ameacha kuutazama mpira na ameanza kumtazama mtu wake. Siku anayopiga krosi ya kwanza iliyofika, unaruka peke yako jukwaani, watu wanakushangaa, kumbe wewe umeisubiri tangu Februari. Timu inaweza kupoteza mbili bila siku hiyo na wewe ukaondoka na kitu.

Nimelifanya hili kwa misimu kadhaa sasa, na ndilo jambo la kwanza ninalomshauri mtu yeyote mwenye timu inayoyumba. Chagua mmoja. Asiwe nyota, nyota atauzwa. Mjue anakula kona vipi, anaanguka vipi, anapokosea anamtazama nani. Mpira wa nchi hii unaishi kwa vijana wa namna hiyo. Baba aliponiona nikikimbia na chochote, hata mtungi wa maji, alipaza sauti, "Kadenge na mpira!", ile kauli ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela iliyoingia kinywani mwa kila mtu. Joe Kadenge, nyota yule wa zamani wa mpira wa Kenya, naye kabla hajawa Kadenge alikuwa kijana fulani ambaye watu fulani walijipa kazi ya kumtazama.

Hilo lilinifika moyoni kwa sababu ya jambo nililolifanya kabla ya mazungumzo yale, na bado linaniuma.

Ilikuwa mechi uwanja wa Bukhungu, alasiri ya mvua yetu ya kawaida ya Kakamega, tumejibanza, njugu za kuchemsha zimelowa mkononi. Kijana mmoja wa upande wetu alipoteza mpira katikati ya uwanja na tukafungwa. Nilisimama nikamtukana. Sikumtukana kama mchezaji, nilimtukana kama mtu, nikamtaja na mama yake, na waliokuwa karibu wakacheka, nikaongeza. Alikuwa akipita upande wetu kuufuata mpira wa kurusha. Alisikia.

Baada ya mechi nilipanda matatu ya kuelekea Mbale. Tulipofika Khayega akaingia kijana amevaa koti la mvua, begi mgongoni, akakaa kiti kilichokuwa mbele yangu. Kifundo cha mguu alikuwa amekifunga kwa kitambaa, ndani kuna barafu, maji yanachuruzika sakafuni. Alipovua kofia nikamtambua. Akapiga simu, akaongea kwa Kiluhya, na maneno niliyoyasikia yalikuwa haya: "Mama, nimecheza vizuri. Hapana, sijaumia."

Nilishuka Chavakali, kabla ya kufika nilikokuwa nikienda. Sikuweza kukaa nyuma yake. Sikumwomba msamaha, na nafasi ya pili sikuipata. Tangu siku hiyo kama nina hasira nazisemea kocha, mbinu, mabadiliko yaliyochelewa, lakini mtu aliyevaa jezi yangu simtukani, na anayemtukana akiwa amekaa karibu nami ninamwomba anyamaze. Wengine wameniita mlokole. Sawa.

Jambo la kubeti nitalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji maneno mengi. Usiiwekee timu yako pesa. Niliwahi kuchukua 3,000 zilizokuwa za karo ya binti yangu nikaiwekea Ingwe ishinde mechi niliyoona haiwezi kuipoteza. Ikatoka sare, bao la kusawazisha likiingia dakika za lala salama. Kilichonishtua zaidi ya pesa ni kwamba kwa dakika zile za mwisho sikuwa shabiki tena. Kipa alipookoa mpira mgumu sikufurahi, nilikuwa nahesabu saa. Ilibidi nimweleze mama watoto, na ilibidi nikope kwa mwalimu mwenzangu. Wapo vijana wanaodhani kuwekea timu pesa ni kuonyesha imani. Imani ya shabiki iko kwenye kiingilio. Mia mbili ya langoni inaingia kwa timu, ile ya kwenye simu inaenda kwa mwenye kampuni.

Sasa hili la mwisho ndilo kubwa, na ndilo wengi hawapendi kulisikia kwa sababu lina kazi.

Watu wanasema, "Tatizo ni viongozi," kisha wanaondoka kana kwamba viongozi wameteuliwa na mvua. Klabu kama yetu, na kama Gor, ni za wanachama. Hazina tajiri mmoja aliyezinunua. Wenyeviti wanapigiwa kura, na sheria ya michezo ya 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Lakini anayepiga kura ni mwanachama aliyelipa ada yake, si yule aliyepiga kelele jukwaani. Mimi nilipiga kelele miaka 15 bila kadi. Siku nilipoulizwa kama nina kadi nilikosa jibu, na mzee aliyeniuliza hakunidharau, aliniambia tu, "Basi wewe ni mgeni wetu, karibu."

Jiulize klabu zetu zilikuwa zikiishi vipi. SportPesa, kampuni ya kubeti, ilipojiondoa mwaka wa 2019 kutokana na mzozo wa leseni na ushuru, Ingwe na Gor zote mbili zilibaki bila mdhamini wa kifuani, na kila mtu akaona jinsi nyumba ilivyokuwa imesimama juu ya nguzo moja. Klabu za nchi hii, kubwa kwa ndogo, zimewahi kufungiwa na FIFA zisisajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya watu waliowahi kuzichezea au kuzifundisha. Deni la namna hiyo haliji usiku mmoja. Kuna mkataba uliosainiwa, kuna barua zilizokuja zikawekwa kwenye droo. Mkutano mkuu ndio mahali pa kuuliza barua hizo.

Kwa hiyo kama una hasira, na unayo, ipeleke hapo. Lipa ada. Jiunge na tawi la mashabiki lililo karibu nawe, na kama halipo, anzeni na watu kumi. Kabla ya mkutano andikeni maswali matatu, yasizidi. Langoni tulikusanya ngapi msimu huu? Nani anatudai, na kiasi gani? Mchezaji tuliyemuuza tulilipwa lini? Mtu mmoja ayasome, wengine wakae kimya wasikilize, na mmoja aandike majibu kwa kalamu. Usitupe kiti wala chupa. Ukitupa chupa, kesho magazeti yataandika chupa, maswali yatapotea. Nimeshuhudia katika chama kingine cha hapa nyumbani, si cha mpira, jinsi maswali yaliyoandikwa vizuri yalivyomfanya mweka hazina kuleta vitabu wiki ya pili yake. Hakuna aliyepaza sauti.

Najua kijana wa boda atasema hana muda wa mikutano. Ana muda wa kubishana stejini saa mbili kila Jumatatu, kwa hiyo muda upo.

Kuna pia la nyumbani. Kwa miaka mingi watoto wangu walikuwa wakiniuliza kwanza, "Baba, mmeshinda?" kabla ya kujua kama wanikaribie. Mke wangu ndiye aliyenionyesha kwamba hawaulizi kwa sababu ya mpira. Siku hizi Ingwe ikilala natembea kidogo kabla ya kuingia, napita kwa muuza mayai pasua, nanunua ya watoto wawili, na nikifika mlangoni nimeshamaliza kununa. Mtoto wangu mdogo ana miaka 11. Nikimpeleka Bukhungu simwambii habari za 1998. Nampeleka upande wa isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, kwenye zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe inapolia anasahau kuuliza matokeo. Ngoma ya isukuti iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, na mimi naamini wanaoipiga jukwaani siku tumefungwa mbili bila ni sehemu ya ulinzi huo. Nimewaona wakiendelea baada ya kipenga cha mwisho, jasho linawatoka, wachezaji wanainua vichwa wakielekea chumbani.

Ukitaka kupumzika, pumzika. Kosa mechi tano, lima, lala, nenda kanisani bila simu mfukoni. Shemeji yangu alikosa msimu karibu mzima wakati mmoja, akarudi kama mtu aliyetoka safari. Kupumzika hakuna ubaya. Kinachonisikitisha ni mtu kuuza jezi kwa sababu ya maneno ya Jumatatu, maneno ambayo hata wanaoyasema watakuwa wameyasahau Jumanne.

Jezi yako, kijana, iko hapa kwangu. Nimeifua na doa la mafuta ya pikipiki kwenye mkono wa kulia limetoka. Zile mia sita sizidai. Mechi ijayo Bukhungu nitakuwa upande wa ngoma na huyu wa miaka 11, na kuna kiungo mmoja mfupi, mguu wa kushoto, ambaye ningependa tumtazame pamoja.