Kijana mwenye ADHD aliyeanza kukimbia watu: kwa mama mleta mada

Mama mleta mada, shikamoo. Umesema kijana wako wa miaka 16, mwenye ADHD (hali ya ubongo inayoleta umakini wa kuyumba, utukutu na kutenda bila kusubiri), utotoni alikuwa hanyamazi, na sasa anajifungia chumbani, hajibu ujumbe wa wenzake, na kukiwa na shughuli ya watu tumbo linaanza kumuuma tangu asubuhi. Walionitangulia wamesema ni balehe, mwingine kasema kiburi. Mimi mwenyewe nina ADHD, niligundulika nikiwa shule ya msingi, na umri kama wa mwanao niliupitia hivyohivyo. Kiburi kitoe kabisa.

Mkalishe umuulize kama ni vizuri kumkatiza mtu anapozungumza, atakujibu vizuri kuliko mimi. Kanuni anazijua. Kinachomshinda ni kuzitumia papo hapo, mambo yakiwa yanakwenda kasi. Wazo likinijia, nikisubiri zamu yangu linapotea, kwa hiyo nalisema sasa hivi juu ya maneno ya mwenzangu. Au kinyume chake: tumekaa kundi, mlango unagongwa huko nje, akili inaufuata, nikirudi kisa kimeshasonga na mimi nacheka mahali pasipochekwa. Mwenzangu haoni ADHD hapo, anaona dharau. Watoto wadogo husameheana upesi kwa sababu urafiki wao ni mchezo. Ujanani urafiki unakuwa wa siri, mafumbo, utani wa haraka na ahadi za kukumbuka, yaani palepale tunapoteleza.

Mtu akiteleza hivyo miaka na miaka, wasiwasi wake ni somo alilolipata kwa vitendo. Ndiyo maana "jiamini tu" haimsaidii. Ushahidi anao.

Halafu wasiwasi wenyewe unaanza kula umakini. Nikiingia kwenye kundi nilikuwa najichunga: nimeongea sana? Sauti imepanda? Yule mbona kanyamaza? Umakini tayari ni wa kuokoteza, na sehemu kubwa inakwenda kwenye kujilinda. Anachosema mwenzangu kinanipita, najibu nje ya mada, na usiku nalala nikirudia mazungumzo yote neno kwa neno. Mara inayofuata najichunga zaidi, nateleza zaidi. Mwisho unaona bora ubaki ndani. Nafuu ipo kweli, sikatai, ila wenzako wanaendelea kuzoea watu na wewe mazoezi huna.

Walimu wangu walifurahi! Walisema nimetulia, nimekua. Ni kweli utukutu wa mwili hupungua kwa wengi wanapokua, lakini ule wangu ulikuwa ukimya wa mtu anayeogopa. Wasichana hupitwa zaidi hapa, maana wengi wao wana ile ADHD ya kuzubaa isiyo na fujo, na msichana mkimya hahojiwi na mtu.

Kuhusu swali lako kama ADHD ndiyo imezidi: ADHD na wasiwasi hukaa pamoja mara nyingi. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye ADHD ana tatizo la wasiwasi linalostahili tiba yake. Vyote viwili huvuruga umakini na usingizi, ndiyo maana huchanganywa. ADHD huonyesha dalili kabla ya miaka 12, nyumbani na shuleni, hata siku ambayo mtoto ana raha zake. Wasiwasi una kitu unachokizunguka, na ukimwondolea kile kitu, tumbo linapoa. Mweleze daktari habari hiyo ya tumbo na mialiko, asisikie tu kwamba "hasomi".

Dawa za kuchangamsha ubongo, kama methilifenideti, kuna watu huwaongezea mapigo ya moyo na wahka, na kuna ambao wasiwasi unapungua kwa kuwa wanaacha kuharibu mambo. Msimkatishe wenyewe. Daktari anaweza kurekebisha kipimo au kubadilisha, zipo zisizo za kundi hilo, kama atomoksetini. Ila dawa peke yake isiwatosheleze. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1999, wa watoto 579 wenye ADHD, uliona kwamba wale waliokuwa na wasiwasi pia walinufaika zaidi na mafunzo ya tabia kuliko wasio nao. Mimi nilisaidiwa na tiba ya mazungumzo inayokusogeza hatua kwa hatua kuelekea unachokiogopa. Mihadhara ya adabu za kukaa na watu haikunipa kitu.

Kilichonirudisha kwa watu ni rafiki mmoja na kazi ya mikono. Tukitengeneza kitu pamoja, macho yana pa kukaa na ukimya hauna aibu. Nilijifunza pia kusema "nimekupoteza kidogo, rudia hapo", na kuandika neno moja kwenye simu ili wazo lisubiri zamu yake.

Akianza kusema hana sababu ya kuishi, mpeleke kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Na hiyo sherehe ya familia uliyouliza kama umlazimishe: usimlazimishe kukaa mpaka mwisho, wala usimruhusu akose kabisa. Kubalianeni nusu saa, mpe kazi ya kufanya akiwa pale, na usimtangaze kwa ndugu kwamba "leo katoka". Nusu saa ikiisha akisema tuondoke, ondokeni, hata kama shughuli ndiyo kwanza imekolea.