Swali la lugha: Nodi ipo, iko, au imewekwa?

SWALI: Ninaandika kwa Kiswahili ripoti ya mtandao wa kompyuta wa waya nilioutengeneza kwa programu ya uigaji ya ns-3, kisha nikautazama kwa NetAnim, programu inayouchora mtandao huo kwenye skrini. Sentensi inayonisumbua ni hii: "Mahali ya nodi 2 iko kwenye 40, 20 na nodi 3 iko mbali, kwa hiyo pakiti inachelewa." (Nodi ni kompyuta au kifaa kimoja mtandaoni; pakiti ni kifurushi kimoja cha data.) Mwenzangu mmoja ananiambia niandike "mahali pa" na nibadili "iko" iwe "ipo". Mwingine anasema niache "mahali", niandike "nafasi ya nodi". Nani yuko sahihi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwenzako wa kwanza yuko sahihi kabisa kwa "mahali pa", na yuko sahihi nusu kwa "ipo". Wa pili nitamwomba aiweke "nafasi" yake akiba, maana utaihitaji kwa kazi nyingine. Lakini kasoro kubwa ya sentensi hiyo hawakuiona wote wawili: imejificha kwenye "kwa hiyo".

Nianze na jepesi. "Mahali" asili yake ni Kiarabu, ila lilipoingia Kiswahili lilichukua upatanisho wa ngeli ya mahali, ambayo lugha hii na ndugu zake za Kibantu zilikuwa nayo tangu kale. Ndiyo maana tunasema mahali hapa, mahali pazuri, mahali pake, mahali pa nodi. Neno lenyewe halibadiliki katika wingi. Wingi huonekana kwenye maneno yanayolifuata: nodi tatu zimewekwa mahali patatu. "Mahali ya" inasikika sana kwenye mazungumzo, hasa mijini, na anayeisema anaeleweka. Kwenye ripoti iache.

"Sehemu" nayo usiikimbilie ili kuukwepa huo upatanisho wa pa-. "Sehemu ya nodi 2" msomaji anaweza kuielewa kuwa ni kipande cha nodi yenyewe. Na "nafasi"? Si kosa, tatizo lake ni kwamba ina kazi nyingi mno. "Nafasi ya nodi 2" inaweza kuwa pale ilipo, inaweza kuwa wadhifa wake mtandaoni (je, ni ruta inayoelekeza pakiti, au ni seva inayohudumia nyingine?), na inaweza kuwa upana ulioachwa wazi. Anayechora mtandao anauhitaji sana huu upana ulioachwa wazi, na hatuna neno lingine linaloutaja vizuri hivyo: "acha nafasi ya 30 kati ya nodi na nodi." Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba "mahali" iwe pale nodi inapokaa, na "nafasi" iwe uwazi kati ya nodi mbili. Ukishika mgawanyo huo kuanzia ukurasa wa kwanza, msomaji hatalazimika kukisia.

Sasa "iko" na "ipo". Sarufi ya shuleni inatufundisha viambishi vitatu: -po kwa mahali mahususi, -ko kwa mahali pasipo dhahiri au palipo mbali, -mo kwa ndani. Katika usemi wa kila siku mambo hayakukaa hivyo. Nairobi "iko" imeshachukua kazi ya zote tatu, na ikaongeza nyingine: "nodi iko na waya tatu", ambapo Kiswahili sanifu kinasema "nodi ina nyaya tatu". Tanzania Bara "ipo" ndiyo iliyotamba, hata pale ambapo mwalimu wa zamani angetaka "imo". Mimi simsahihishi mtu anayezungumza. Kwenye maandishi ya kitaalamu, hata hivyo, tofauti hizi tatu ni mali, na mtandao wa kompyuta unazitumia zote.

Tazama. Nodi 2 *imo* mtandaoni: ni mmoja wa wanachama wa mtandao, haijalishi umeichora wapi. Pakiti *imo* katika foleni ya ruta. Nodi 2 *ipo* penye nukta (40, 20): nukta ni mahali mahususi kupita kiasi, haina upana wala ndani. Na seva ambayo hujui imesimikwa mji gani *iko* huko iliko. Anayezichanganya hizi tatu hajatenda dhambi, ila amejinyima chombo alichopewa bure na lugha yake.

Umeona nimeandika "penye". Wengi wamelisahau neno hili kwa sababu "kwenye" imelimeza. Panapotajwa nukta, "penye" inalingana na "ipo", na sentensi inatulia: nodi ipo penye nukta (40, 20). "Katika nukta (40, 20)" pia inatumika sana kwenye hesabu na sitamkata mtu alama kwa hilo. Kwa upande wa -mo hali ni ngumu kidogo, kwa sababu "mwenye" tunaisikia kama mtu mwenye kitu; ndiyo maana tunasema "imo katika foleni". "Imo kwenye" inasemwa, lakini kiambishi kimoja kinavuta ndani na kingine kinavuta huko. Hali kadhalika, ukitaka kukazia, andika "hapo ndipo ilipo nodi 2", si "hapo ndio ilipo".

Tuje kwenye "kwa hiyo", ambako sarufi peke yake haitoshi.

Katika mtandao usio na waya, mahali pa nodi ni sehemu ya hesabu. Simu ikisogea mbali na mnara, mawimbi yanadhoofika, na programu ya uigaji inakokotoa udhaifu huo kutokana na umbali. Hapo "nodi iko mbali, kwa hiyo..." ni sentensi halali. Wewe umeiga mtandao wa waya. Kiungo cha nodi na nodi katika ns-3 hupewa kasi yake na muda wake wa safari moja kwa moja, kwa tarakimu, na programu haiulizi nodi zimechorwa wapi. Mfano wa kwanza kabisa wa mafunzo ya ns-3 una nodi mbili tu na kiungo cha megabiti 5 kwa sekunde chenye muda wa safari wa milisekunde 2. Mteja, yaani nodi inayoomba huduma, anatuma baiti 1024 sekunde ya 2 inapotimia, na seva inazipokea sekunde ya 2.00369. Zichore nodi hizo zikiwa zimegusana, zichore moja huku na nyingine pembe ya mbali ya skrini: bado itakuwa 2.00369. Hesabu yake ni nyepesi. Baiti 1024 zikivishwa vichwa vya itifaki, yaani maelezo ya kuifikisha pakiti, zinakuwa 1054, yaani biti 8432. Kwa megabiti 5 kwa sekunde kuzitoa kwenye nodi kunachukua milisekunde 1.69 hivi, ongeza 2 za safari. Mchoro haumo humo.

Kwa kweli nodi ya waya huanza ikiwa haina mahali popote. Ukiendesha zoezi bila kuzipa nodi mahali, ns-3 inakuandikia onyo kwamba nodi fulani haina modeli ya mwendo, kisha yenyewe inazitawanya kwa kubahatisha kabla NetAnim haijazionyesha. (Ni kichekesho cha aina yake: ili kompyuta iliyofungwa kwa waya ipate pa kukaa, unaipa "modeli ya mwendo" ambayo haiendi popote. Ama unaandika amri ya SetConstantPosition, na kazi imekwisha.) Mahali hapo umepatoa wewe ili jicho lione vizuri. Kwa hiyo kitenzi nacho kionyeshe kwamba kuna mtu aliyeweka: nodi 2 *imewekwa* penye nukta (40, 20), au *imechorwa* penye nukta hiyo. Hapa ndipo mwenzako alipokuwa sahihi nusu. "Ipo" inaeleza hali ilivyo. "Imewekwa" inaeleza kwamba ingeweza kuwekwa kwingine bila kuharibu kitu. Ukishaiweka, ruhusa unayo ya kusema "mchoroni nodi 2 ipo kushoto kwa nodi 3". Hilo neno "mchoroni" ndilo linalokulinda.

Na kwa vile umeshaingia huko, kuna msamiati wa kuweka vitu ambao Kiswahili kinao tele na sioni ukitumika kwenye ripoti za aina hii. "Weka" ni kwa nodi moja moja, kwa mkono. "Panga" ni kwa nyingi kwa utaratibu fulani. "Pangia" inaingia pale programu inapofanya kazi hiyo kwa niaba yako: unaitajia pembe ya juu kushoto na pembe ya chini kulia, nayo inazipangia nodi mahali ndani ya kisanduku hicho. ns-3 ina msaada huo kwa mtandao wa mkao wa nyota, wa gridi, na ule wa mafungu mawili ya kompyuta yanayokutanishwa na ruta mbili katikati. Nimeandika "mkao" kwa makusudi. "Mpangilio" ni neno zuri, lakini linataja kazi ya aliyepanga. "Mkao" ni sura iliyotokea baada ya kupanga. Mtu anaweza kusumbuka sana na mpangilio, na mkao ukabaki mbaya.

Mbaya vipi? Nodi *zimepandana*, moja imelala juu ya nyingine hadi lebo hazisomeki. Nyaya *zinakatana*, yaani mstari unapita juu ya mstari na msomaji anadhani pana ruta pale. Usiandike hapo "zinapishana", maana magari yanayopishana salama hayagusani. Na nodi zilizowekwa na programu kwa kubahatisha usiseme "zimewekwa ovyo" au "kiholela": maneno hayo yana lawama ndani yake. "Kinasibu" ndilo neno la takwimu, sawa na tunavyosema sampuli nasibu, na halimlaumu mtu.

Jihadhari pia na "juu". Darasani y ikiongezeka tunapanda. NetAnim, kama programu nyingi za skrini, huanza kuhesabu kwenye pembe ya juu kushoto, hivyo y ikiongezeka nodi inashuka. Ukiandika "nodi 4 ina y kubwa, ipo juu", umemwongopea msomaji. Andika "y inahesabiwa kuelekea chini" mara moja mwanzoni, halafu endelea na juu na chini kama macho yanavyoona.

"Mbali" nayo itazame mara mbili. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 2 za kiungo chako ni sawa na kilomita 400 hivi za waya, pungufu kidogo ya barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwenye skrini umezichora sentimita chache. Nodi hizo ziko mbali au karibu? Zote mbili, inategemea unazungumzia waya au mchoro, na ni wajibu wa sentensi kusema unazungumzia kipi.

Basi ningeiandika hivi:

"Mchoroni, nodi 2 imewekwa penye nukta (40, 20) na nodi 3 penye nukta (90, 20), ili kubaki nafasi ya kutosha kati yake na nyaya zisikatane. Mahali hapo ni pa mchoro tu. Kiungo kati ya nodi hizo kimepewa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde na muda wa safari wa milisekunde 2, kwa hiyo pakiti yenye baiti 1024 za data hutumia milisekunde 3.69 hivi kufika."

"Kwa hiyo" imebaki, ila sasa imekaa baada ya sababu ya kweli. Na nimeondoa "inachelewa". Kuchelewa ni kufika baada ya wakati uliotarajiwa, na pakiti hii imefika wakati uleule ambao hesabu ilisema itafika. Ukiongeza mteja wa pili na wa tatu kwenye ruta ileile, foleni ikajaa, pakiti iliyokaa humo ikisubiri zamu ndiyo utakayosema imechelewa.